Chupa ya Mwisho ya Meza Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Tumeng'oa nanga saa kumi alasiri. Abiria mia sita, wafanyakazi karibu mia nne, na mimi. Nimepangiwa tena maji na mkate. Mwaka wa tisa huu. Hakuna mtu baharini anayemimina maji kama mimi, na hakuna mtu baharini anayejali.

Kabla abiria hawajapanda, Bi Mkubwa alituita wahudumu wote wa ukumbi wa chakula. Bi Mkubwa ndiye mkuu wa mvinyo. Umri wake umepita sitini, haongei sana, na kifuani ana pini ya fedha yenye umbo la kichala cha zabibu. Mwenye pini ile habebi sinia. Haulizwi choo kiko wapi. Alisema hii ni safari yake ya mwisho, anarudi nyumbani kulea wajukuu, na kabla hatujafika bandari ya mwisho atamvika mmoja wetu pini hiyo. Kila mtu atamimina mvinyo kwenye meza zake, yeye atatazama. Tusijipendekeze.

Moyo ulinipasuka, wala si kwa furaha tupu. Miezi miwili iliyopita nilimwambia dada yangu kwenye simu kwamba pini hiyo ninayo tayari.

Sikukusudia. Aliniuliza hali, nikasema nzuri. Akanyamaza, kimya kile cha mtu aliyekulea, na mimi sikiwezi kimya kile. Nikajikuta nimesema nimepandishwa cheo. Akapiga kigelegele. Mtu akishapigiwa kigelegele hana njia ya kurudi. Kwa hiyo huu si uongo. Ni ukweli uliotangulia kufika, na mimi niko njiani naufuata.

Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni mwenzangu wa chumbani, wa kitanda cha juu. Tunamwita Profesa. Anasoma kitabu kimoja kinene cha mvinyo, anakigeuza kurasa kwa kidole kilicholambwa, na mimi chini nahesabu. Cha pili ni pua yangu. Pua yangu ni kiziwi. Tangu utotoni haijasikia harufu ya kitu chochote, si waridi, si moshi, si viatu vya Profesa. Hilo la viatu nalishukuru. Lakini mkuu wa mvinyo asiye na pua ni kama kinyozi asiye na mikono.

Melini hajui mtu. Hatajua mtu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: lugha.

Abiria wetu huchagua kifurushi cha vinywaji wanapopanda. Cha chini kina mvinyo mweupe, mwekundu, na mvinyo wa povu ambao haturuhusiwi kuuita shampeni hata ulimi ukiteleza. Cha kati kina majina marefu zaidi. Cha juu kina shampeni yenyewe, ile inayotoka kwao, inayoletwa mezani na ndoo ya barafu na kitambaa cheupe kama bibi harusi na mpambe wake.

Nimemsikiliza Bi Mkubwa akiwaeleza abiria. Husema mvinyo huu una harufu ya ngozi, huu wa tumbaku, huu wa udongo uliolowa. Hakuna anayembishia. Nikagundua kitu: si lazima uisikie harufu, ni lazima uitaje. Nikaandika orodha yangu.

Leo mchana nimeijaribu meza ya sita, kwa daktari wa meno na mkewe, watu wa kifurushi cha juu. Nikawaambia mvinyo wao mwekundu una harufu ya kabati la nyanya, mkoba wa shule, na kwa mbali kabisa godoro lililoanikwa juani. Mke wa daktari akaisukuma glasi kwa kidole kimoja. Daktari akauliza godoro la nani. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema la mtoto.

Wakaomba maji. Nikayaleta. Niliyamimina vizuri sana.

Meza ya nane Profesa alisema maneno mawili tu: "Ni mkavu." Watu wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba wamesomewa wosia.

Jumatano, 5 Machi

Meza ya kumi na nne, dirishani, ya watu wawili. Amekaa mtu mmoja. Ni mama mtu mzima, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, saa ya mkononi ya kiume inayomzidi mkono. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa anasoma orodha ya mvinyo, lakini si yetu ya mezani. Yake ilikuwa imekunjwa mara nne na ina alama za penseli.

Nikamuuliza kama kiti cha pili kina mtu, au niondoe sahani.

"Kilikuwa na mtu," alisema. "Acha sahani."

Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza fundi. Mumewe alikuwa fundi saa. Mwaka jana aliweka nafasi za safari hii, kifurushi cha juu, watu wawili. Kampuni ikamtumia orodha ya mvinyo kwa posta. Akakaa nayo wiki nzima na penseli, akaandika pembeni: siku ya kwanza huu, siku ya pili huu, mpaka ya mwisho. Miezi minne iliyopita akafariki. Watoto wakamwambia mama yao aahirishe. Hakutaka. Tiketi zilikuwa mbili, alisema, na orodha ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Leo ni siku ya tatu, mvinyo mweupe wa jina la mto fulani. Akaniomba nimimine glasi mbili. Yake akanywa. Ya pili ikabaki palepale, mpaka ukungu wa baridi ukakauka juu ya kioo.

Sikutaja kabati wala godoro. Sijui kwa nini. Nilimimina nikaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba.

Saa nne asubuhi Bi Mkubwa alitukusanya kwenye meza ya wafanyakazi, akampa kila mmoja chupa ya kufungua mbele ya wenzake. Zamu yangu ilipofika nilivuta kizibo bila kelele, nikazungusha glasi, nikaingiza pua, nikafumba macho, nikahesabu hadi tano. Kisha nikasema mvinyo huu ni msafi, mchangamfu, unamkumbusha mtu asubuhi ya kwanza ya likizo.

Nikafumbua macho. Profesa, hatua sita kutoka nilipo, alikuwa amejiziba pua kwa kitambaa.

Kumbe mvinyo ulikuwa umeharibiwa na kizibo. Unanuka boksi lililolowa, waliniambia baadaye. Watu wote wa meza ile waliusikia kabla sijamaliza kufungua. Ulikuwa mtihani, na kila mtu alipewa wake. Profesa wa kwake aliurudisha chupani bila neno.

Bi Mkubwa alinitazama puani. Akauliza, "Una mafua?"

Nilidaka neno lile kama mtu anayezama anavyodaka kamba. Nikasema ndiyo, mafua makali. Akanipeleka mwenyewe kwa tabibu wa meli. Nimetiwa matone puani mara tatu, dawa ya ugonjwa nisio nao, na yanawasha kuliko pilipili. Tena nimezuiwa kugusa mvinyo mpaka nipone. Nimerudi kwenye maji.

Isipokuwa meza ya kumi na nne. Yule mama alikataa kumiminiwa na mtu mwingine. Alimwambia Bi Mkubwa kwamba yule mwenye mafua ndiye anayejua glasi ni mbili.

Jumapili, 9 Machi

Dada ametuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza kwenye ngazi za wafanyakazi, karibu na chumba cha kufulia, mahali pekee penye mtandao.

Anasema amesikia kwamba bandari ya mwisho ndugu wa wafanyakazi wanaruhusiwa kupanda melini kwa saa mbili. Anakuja. Atapanda basi siku nzima. Ameshona gauni jipya, maana dada ni fundi cherehani na hakubali kutokea mbele za watu na gauni la zamani. Amemwambia shemeji, amewaambia majirani, amemwambia hata mtu anayemletea vifungo. Anataka kuniona na pini yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Walimu walituambia. Hawakutuambia kwamba mwishoni kuna dada amevaa gauni jipya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata upenyo.

Siku ya mwisho ya orodha ya yule mama, yaani Ijumaa, chakula cha mchana cha kuagana, fundi saa aliandika shampeni moja ya shamba dogo, jina lake refu kama treni. Leo Bi Mkubwa alinituma stoo ya mvinyo kuchukua ndoo za barafu. Nikaitafuta. Imebaki moja. Tulipakia nane, na kikundi kimoja cha wanasheria kilimaliza saba kwa siku mbili, kikisherehekea jambo ambalo hawakutuambia.

Na Profesa anaitaka hiyohiyo. Daktari wa meno na mkewe, ambao sasa yeye ndiye anawamiminia, wanatimiza miaka thelathini ya ndoa siku ya Alhamisi, na Profesa amewaahidi kitu ambacho hakuna meza nyingine itakipata. Nimemsikia mwenyewe.

Nimewaza hivi. Yule mama akiikosa chupa yake siku ya mwisho, itakuwa aibu ya meli nzima. Akiipata kwa mkono wangu, na Bi Mkubwa akaona machozi ya shukrani, pini ni yangu. Pua haitaulizwa. Basi nimeihifadhi. Sikuiba. Chupa bado iko ndani ya meli, meli bado ni ya wenyewe.

Iko chini ya kitanda changu, ndani ya soksi yangu ndefu ya sufu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Profesa ana mgongo mbovu.

Jumanne, 11 Machi

Siwezi kutulia. Chumba chetu kiko chini ya usawa wa maji, karibu na injini. Sakafu ina joto kama pasi. Chupa inabingirika meli inapoinama. Na Bi Mkubwa alitufundisha kwamba shampeni ina maadui wawili, joto na mtikisiko. Nimeilaza kati ya maadui wote wawili.

Nikatafakari. Kama joto ni adui, baridi ni rafiki. Kama baridi ni rafiki, baridi kali ni ndugu wa damu. Mchana, jiko lilipokuwa tupu, nimeishusha kwenye friza kubwa la mpishi wa aiskrimu, nyuma kabisa, ikiwa na soksi yake.

Huko itatulia mpaka Ijumaa. Nimejilaza nikiwa na amani kwa mara ya kwanza tangu tung'oe nanga.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuandika jana. Mkono ulikataa.

Jana asubuhi mpishi wa aiskrimu alifungua friza akakuta vioo. Chupa ilikuwa imeganda ikapasuka. Shampeni ya shamba dogo ilikuwa imetambaa juu ya trei tatu za aiskrimu ya ndimu na kuganda kama nta ya mshumaa. Trei zote zimetupwa. Mpishi alikaa juu ya ndoo akishika kichwa.

Wakati huohuo Profesa alikuwa ameshagundua chupa haipo stoo. Msako ukatangazwa. Nilitafuta kwa bidii kuliko watu wote. Nilipanda ngazi, nilifungua makabati, niliuliza watu maswali makali. Ilipopatikana habari ya friza nilisema maskini, nani anaweza kufanya jambo kama hilo. 

Bi Mkubwa aliinama frizani. Alichukua koleo, akaondoa kitu chenye barafu ndani ya friza, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka nacho.

Daktari wa meno na mkewe wamekunywa shampeni nyingine leo. Wamefurahi. Walishikana mikono juu ya meza na hawakuuliza jina la chupa. Hilo limenikaa rohoni. Kumbe walikuwa hawaihitaji.

Kesho kuna anayeihitaji.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika yote kama yalivyokwenda.

Mchana wa kuagana. Ukumbi umejaa, vitambaa vipya, jua linaingia madirishani. Nilikuwa nimechukua chupa ya mvinyo wa povu wa kifurushi cha chini, ule usioitwa shampeni. Nikaiviringishia kitambaa cheupe kuanzia shingoni mpaka chini, lebo isionekane. Nikaiweka kwenye ndoo. Nikajikaza kisabuni nikaenda meza ya kumi na nne.

Yule mama alikuwa amevaa vizuri. Orodha yake ilikuwa wazi mbele yake, alama zote zimepigwa mstari isipokuwa moja.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, mama," nilisema. "Ya mwisho melini."

Nikamimina glasi mbili. Akaionja ya kwake. Akaiweka chini. Akatazama nje, kisha akanitazama mimi, si usoni, bali shingoni.

"Mume wangu alikuwa akinidanganya mambo madogo madogo," alisema. "Kwamba amekula, kwamba hachoki, kwamba saa ya mteja itakuwa tayari kesho. Kila akidanganya, shingo yake ilikuwa inaingia mabegani kama ya kobe. Kama yako sasa hivi."

Ningeweza kukana. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini chupa ilikuwa inadondosha maji mkononi mwangu, na nilichoka, ewe kijitabu changu, nilichoka kwelikweli. Nikamwambia. Kuhusu chupa moja iliyobaki, soksi, mvungu, friza. Nikamwambia ninachomimina ni mvinyo wa povu wa kifurushi cha chini. Nikasema nilitaka pini. Nikasema pia nilitaka aipate, na kwamba sijui lipi lilianza.

 Nilisubiri aite meneja. Akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, akashika saa ile ya kiume kama anayeizuia isidondoke.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu hakuwa anakunywa. Daktari alimkataza miaka kumi na saba. Hakujua mvinyo huu na ule. Alichagua majina aliyopenda kuyatamka. Alikuwa anayatamka mbele ya kioo akinyoa ndevu."

"Na hii ya mwisho?"

"Hii ilimshinda kutamka. Akasema tutakapofika siku ya mwisho atakuwa ameiweza."

Akaigusa orodha kwa kidole. Kisha akaniuliza ile chupa iliyovunjika ingekuwa na ladha gani, na harufu gani. Nikasema sijui, mama. Nikasema sijawahi kusikia harufu ya kitu chochote tangu nizaliwe. Ni mara ya kwanza kulisema jambo hilo ndani ya meli hii, na nimelisema mbele ya ndoo ya barafu.

Hakushangaa. "Basi niambie unachoona," alisema.

Nikatazama glasi ya pili. Sikuwa nimewahi kuitazama hivyo. Nikamwambia kuna uzi wa viputo unaotoka mahali pamoja tu, chini kabisa katikati, unapanda bila kukatika, kama kuna mtu mdogo chini pale anayepumua polepole. Nikamwambia vinapofika juu havipasuki mara moja, vinasogea pembeni kwanza, kama watu wanaoshuka ngazi na kungojana.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akaichukua ile glasi ya pili, akainywa yote. Kisha akachukua penseli akapiga mstari juu ya jina la mwisho.

Saa tisa Bi Mkubwa aliniita stoo. Juu ya meza kulikuwa na soksi ya sufu, imekauka, na namba yangu ya dobi imeshonwa juu yake kwa uzi mwekundu. Sikuwa nimefikiria namba.

Nilianza kusema. Akainua kiganja.

"Ungekuja ukaniambia, mama wa kumi na nne anaitaka hii siku ya Ijumaa, ningeiandika jina lake na kuifungia," alisema. "Basi. Jambo la dakika moja."

 Katika mipango yangu yote hiyo haikuwemo.

Akasema ameandika barua ya onyo, na kwamba pini ni ya Profesa. Akasema alijua habari ya pua yangu tangu siku ya mtihani, maana mtu mwenye mafua hupiga chafya. Nilipofika mlangoni akaniita tena. Akasema amekaa kwenye kazi hii miaka thelathini, amewahi kuona watu wengi wakinusa glasi, na wachache sana wakiitazama. Sikujua kama ni sifa. Nikasema asante endapo ilikuwa sifa.

Jumamosi, 15 Machi

Bandarini saa mbili asubuhi. Yule mama alishuka mapema. Alinipa mkono, akasema nijitunze na nipunguze shingo.

Dada alikuwa anapanda saa nne. Saa tatu na nusu nikamwendea Profesa. Sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa nimeishiwa. Nikamwambia ukweli wote, kigelegele, gauni, basi la siku nzima. Nikamwomba pini yake kwa saa moja. Alikuwa nayo tangu jana jioni tu. Alikuwa ameing'arisha kwa dawa ya meno.

Aliitoa kifuani akanibandika yeye mwenyewe. "Usiiegemee," alisema.  Mtu niliyemwita kikwazo.

Dada alipanda ngazi ameshika pindo la gauni la kijani. Amezeeka kidogo. Alinikumbatia, akanishika mabega, akaisogelea pini, akaigusa kwa ncha ya kidole. Akaigeuza kidogo ikakaa sawa. Nilikuwa nasubiri kigelegele.

"Ni nzuri," alisema. "Ya nani?"

"Yangu, dada."

"Mdogo wangu." Alisema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wanapita. "Ulipokuwa na miaka sita moshi ulijaa nyumba nzima, sufuria limeungua mpaka kitako, na wewe umekaa palepale jikoni unachora. Mimi ndiye niliyekutoa. Unadhani naweza kuamini kwamba meli nzima imekupa wewe kazi ya kunusa?"

 Nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo, kwa nini alipiga kigelegele. Kwa nini amewaambia watu wote.

"Kwa sababu ulisema kwa furaha," alisema. "Miaka mingi ukinipigia simu unasema nzuri, nzuri, kama mtu anayejaza fomu. Siku ile ulikuwa na sauti. Nikasema, acha nimwache nayo kidogo. Nilidhani utaniambia mwenyewe."

Nikaitoa pini, nikaishika mkononi ili nisiiegemee. Akaomba aone mahali ninapofanyia kazi kweli. Nikampeleka ukumbini. Ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Nikashusha kiti kimoja, dirishani, nikamketisha, nikamletea glasi na jagi. Nikammiminia maji. Sikumwaga hata tone, wala barafu haikulia.

Alikunywa yote. Akatazama bahari. Akasema hajawahi kumiminiwa maji na mtu namna hiyo, na kwamba nyumbani yeye ndiye huwamiminia watu. Nikaona macho yake yamelowa, nikageuka kupanga vijiko ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Alipokuwa anashuka nilimwahidi kwamba simwambii uongo tena, wala mtu mwingine yeyote, mkubwa wala mdogo. Alisema inshallah. Nilirudisha pini. Profesa aliuliza ilikuwaje, nikasema vizuri, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilikuwa na kitu ndani yake.

Nimeisoma shajara hii yote kuanzia mwanzo. Mtu anayeiandika ni mjinga, lakini leo naona si mtu mbaya. Kilichomponza ni kwamba hawezi kukaa alipo. Kuanzia leo nitakaa nilipo.

Jumanne, 18 Machi

Safari mpya, abiria wapya. Maji na mkate. Nimekaa nilipo siku tatu kamili, na nimejisikia mtu mwenye busara.

Leo asubuhi mpiga piano wa ukumbi wa juu ameteleza kwenye sabuni akavunjika kifundo cha mkono. Meneja wa burudani alipita mezani kwetu wakati wa chai, amechanganyikiwa, akiuliza kama katika wafanyakazi kuna mtu yeyote anayejua piano, hata kidogo. Wote wakanyamaza. Kilikuwa kimya kirefu mno. Mtu alipaswa kusema kitu.

Naanza kesho saa kumi, wakati wa chai ya alasiri. Nyimbo kumi na mbili, laini laini, watu wakiwa wanaongea. Nimetoka kuiangalia piano sasa hivi. Ni chombo kinachoeleweka. Kimepangwa kwa mstari mmoja, hakuna kitu kilichofichwa, na vitufe vingi ni vyeupe.

Vyeusi nitaviacha kwanza.